Ametoka Kasapa, aanzie wapi? Njia tano za kazi Lubumbashi zikilinganishwa

Mtu akitoka Kasapa, gereza la Lubumbashi, nyumbani huwa kuna kauli mbili. Mmoja anasema, "Tumtafutie kazi haraka, asikae bure." Mwingine anajibu, "Apumzike kwanza, mwili urudi." Wote wana haki, na ndiyo maana familia nyingi hukwama hapo katikati mwezi mzima, mpaka jioni moja yule aliyetoka anaanza kwenda kukaa na wenzake wa zamani kwa sababu ndio pekee wasiomuuliza atafanya nini.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, yaya (kaka au dada mkubwa), mchungaji, kikundi cha kanisa au mhusika mwenyewe aliyesimama njia panda. Njia tulizochukua ni tano, zile ambazo watu wa mitaa ya Lubumbashi kama Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe huzitaja kweli: kibarua cha siku, kujifunza ufundi, biashara ndogo, bustani na shamba, na pikipiki ya manseba (ya kubeba abiria). Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Ile inayomwokoa kijana wa miaka 22 inaweza kumrudisha ndani baba wa watoto wanne.

Kabla ya kazi: karatasi na kifua

Kuna mambo ambayo yakiachwa, njia zote tano huharibika, kwa hiyo tuyamalize hapa.

La kwanza ni karatasi ya kutokea, ile iitwayo kwa Kifaransa billet d'élargissement. Asitoke gerezani bila hiyo, na aisome jina kwa jina kabla ya kuondoka mlangoni: herufi moja ikikosewa, haitalingana na kadi yake ya mpiga kura. Nakala tatu zitolewe siku hiyo hiyo. Ya asili inabaki nyumbani kwa mtu anayeaminika, yeye anatembea na nakala. Sababu ni rahisi: jirani aliyejua kwamba fulani amefungwa, akimwona barabarani atasema ametoroka, na doria ya usiku haitasubiri maelezo marefu. Kesho yake apelekwe kwa shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), na mtu mzima wa familia akiwa pamoja naye. Shefu akishajua, uvumi hupungua nguvu.

La pili ni kujua ametoka kwa njia gani. Aliyemaliza kifungo yuko huru. Mahabusu aliyepewa uhuru wa muda bado ana kesi: lazima afike kila anapoitwa, na asihame bila ruhusa. Huyo hajahukumiwa, kwa hiyo msimtambulishe kwa mtu yeyote kama mwizi au mfungwa wa zamani. Wa tatu ni aliyeachiwa kwa masharti. Kanuni ya adhabu ya Kongo inaruhusu hilo kwa aliyetumikia robo ya adhabu yake, mradi awe amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Wengi hawajui kinachofuata: uhuru huo hauwi wa mwisho mpaka upite muda ulio mara mbili ya ule uliokuwa umebaki. Aliyebakiza mwaka mmoja na nusu anaishi chini ya masharti miaka 3, na akiyavunja anaweza kurudishwa. Kazi yoyote itakayomvusha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila wiki imeshajikata hapo. Aulize pia kama hukumu ilimpa fidia ya kulipa na haijalipwa, maana deni hilo haliishi kwa kutoka gerezani.

La tatu ni kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Ikiwa imepotea, achukue kwanza cheti cha kupoteza vitambulisho, kisha aulize nakala mpya kwenye ofisi ya CENI (tume ya uchaguzi). Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa wala Airtel Money. Hapo pesa zake zote zitapita kwenye simu ya mtu mwingine, na ugomvi wa kwanza nyumbani utatokea hapo.

La nne ni kifua. Kasapa ilijengwa kwa watu 800 hivi, na wanaolala humo kwa kawaida ni zaidi ya mara mbili ya hao. Mahali palipobanana hivyo kifua kikuu huenea upesi. Akikohoa zaidi ya wiki 2, apimwe kabla ya kupelekwa kwenye vumbi la makala (makaa ya kupikia) au la simenti. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo na kozi ya kawaida ni miezi 6. Kama alianza dozi ndani, atoke na karatasi ya matibabu ili aendelee siku inayofuata. Kuacha katikati kwa sababu anajisikia vizuri ndiko kunakozaa kifua kikuu sugu.

Tunapima kwa nini

Vigezo ni vitano: pesa ya kwanza inaingia lini, karatasi gani zinaulizwa, mtaji kiasi gani, nani anaweka jina lake, na njia huvunjikia wapi. Kila njia tumeifunga kwa kusema inamfaa nani.

Kigezo cha nne ndicho familia husahau, nasi tunakiona kizito kuliko vyote. Hapa mjini karibu hakuna kazi inayopatikana bila mtu kusimama nyuma yako. Kwenye shantie (mahali pa ujenzi) ni yule aliyekupeleka kwa kapita (msimamizi wa vibarua). Kwenye atelie (karakana) ni mzazi aliyekwenda kuongea na patroni (mwenye karakana). Kwenye likelemba (mchango wa kupokezana) ni mama aliyekuingiza na kusema "huyu namjua". Mdhamini huyo atapoteza nini mambo yakiharibika? Kwenye kibarua atapata aibu ya siku moja. Kwenye pikipiki anaweza kulipa pikipiki nzima. Kwa mtu aliyetoka juzi, anzeni na njia ambayo kosa lake la kwanza halitamfilisi aliyemwamini, maana mdhamini wa pili hapatikani upesi.

Kibarua cha siku

Pesa ya kwanza: jioni ile ile, au Jumamosi kama kapita hulipa kwa wiki. Hakuna njia iliyo ya haraka kuliko hii.

Karatasi: kwenye nyumba zinazojengwa mtaani, kadi ya mpiga kura inatosha, mara nyingine jina tu. Kwa kampuni zinazohudumia migodi ni habari nyingine: huomba dosie (faili la karatasi) nzima, na ndani yake mara nyingi kuna extrait de casier judiciaire, karatasi inayoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa. Aliyehukumiwa asitumie pesa kukusanya karatasi, picha na cheti cha daktari kabla ya kuuliza orodha kamili mlangoni. Wengine wamemaliza akiba yao kwa dosie ambayo ukurasa wake wa mwisho ulikuwa unawakataa.

Mtaji: viatu vigumu, glavu, nauli ya siku sita na chakula cha mchana cha wiki ya kwanza. Chakula hicho si anasa. Mtu aliyekuwa akila mara moja kwa siku hawezi kubeba hadi saa tisa kwa chai peke yake.

Mdhamini: mdogo. Fundi mwashi anayemjua akisema neno kwa kapita, imetosha.

Inapovunjikia: kwanza mwilini. Mfuko wa simenti una kilo 50. Mtu aliyekaa mwaka bila mazoezi akibeba mifuko 40 siku ya kwanza, siku ya tatu haamki, na kapita ameshaandika jina la mwingine. Wiki mbili za mwanzo aombe kazi za kufunga nondo kwa waya, kung'oa misumari kwenye mbao za kufomea au kumwagilia zege. Zinalipa kidogo kuliko kubeba, lakini atakuwepo wiki ya tatu.

Pili, kwenye hesabu. Anunue kijitabu na kila jioni aandike tarehe, kazi na kiasi, kisha kapita aweke sahihi. Kijitabu hicho kina faida kubwa kuliko kumaliza ubishi wa Jumamosi. Kwa Kanuni ya kazi ya mwaka 2002, mtu wa kazi ya siku kwa siku aliyefikisha siku 22 ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba usio na kikomo. Ndiyo sababu wengine huachishwa siku ya 20 au 21, bila ugomvi wowote. Akiijua hesabu hiyo hatadhani amefukuzwa kwa ajili ya Kasapa.

Tatu, kitu kikipotea. Nyundo ikikosekana, macho yote yatamgeukia. Asikubali kushika ufunguo wa depo (ghala) miezi ya mwanzo hata akipewa kwa heshima. Atoke saa ile ile na wenzake, na afungue mfuko wake langoni kabla hajaombwa. Inauma, lakini inamwondoa kwenye mazungumzo.

Inamfaa nani: mwenye watoto wanaosubiri kula leo, mwenye afya, na asiye na mtu wa kumlisha.

Kujifunza ufundi

Pesa ya kwanza: hapa ndipo penye uchungu. Kwa patroni wa kuchomelea, useremala au garaji, miezi ya mwanzo ni nauli na bukari (ugali) ya mchana, basi. Pesa ya maana huanza mwezi wa tano au wa sita, anapoweza kumaliza kazi moja bila kusimamiwa.

Karatasi: patroni wa mtaani haulizi kitu. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kituo hapa Lubumbashi, hufuata utaratibu wa kujiandikisha na kulipa. Aende mwenyewe kwenye dawati, aulize ratiba ya mafunzo mafupi na karatasi zinazotakiwa, asitegemee maneno ya kuambiwa. Cheti chake kinasomeka mbele ya kampuni, cha patroni hakisomeki. Kwa upande mwingine, patroni anakuonyesha wateja, jambo ambalo darasa halifanyi.

Mtaji: overoli, viatu, kinga ya macho, na mara nyingine ada ya kujifunza.

Mdhamini: wa kati. Patroni anataka mtu mzima wa familia aje kukaa naye. Mazungumzo hayo yafanyike bila kuficha, kwa maneno machache: "Tata patroni, huyu ni mdogo wangu. Alikuwa Kasapa mwaka na nusu, kwa wizi. Ametoka, karatasi yake hii hapa. Tunaomba umfundishe. Akikosea, niite mimi kwanza." Patroni atakayekataa, afadhali akatae siku hiyo kuliko kusikia habari mwezi wa tatu kutoka kwa mteja.

Inapovunjikia: mara nyingi kijana anageuzwa mfagiaji. Anakaa miezi minane akibeba mabomba na kununua mikate, na hajui kuwasha mashine. Dawa yake ni ukurasa mmoja ulioandikwa na kutiwa sahihi: muda, ada, nani analipa diski ikivunjika, na atajua nini kufikia mwezi gani. Kwa kuchomelea tungeandika hivi. Mwezi wa kwanza, kupima kwa ekeri (kipimo cha pembe mraba), kukata na kusafisha chuma. Wa pili, kuchomelea kwa kulala, kwa elektrodi ya milimita 2.5 na umeme wa ampea 60 hadi 90. Wa tatu na wa nne, kuchomelea kwa kusimama. Wa tano, grili moja ya dirisha, peke yake, kuanzia vipimo.

Mwanafunzi mwenyewe anaweza kujikagua. Elektrodi ikishika kwenye chuma kila mara, umeme ni mdogo. Ikitoboa bomba jembamba, umeme ni mwingi au mkono unakwenda polepole mno. Mshono ukiwa na vitundu kama mkate, angalia kwanza kama elektrodi zimeingia unyevu. Msimu wa mvua hilo ni la kila siku, na pakiti iliyofunguliwa haifai kulala sakafuni.

Jambo la mwisho ni umeme wenyewe. Délestage (mgao wa umeme) ikikata siku tatu, atelie imelala na nauli haipo. Kabla ya kukubali, muulize patroni kama ana jenereta, na siku zisizo na umeme wanafunzi hufanya nini.

Inamfaa nani: kijana ambaye nyumbani kuna mtu wa kumlisha miezi sita bila kumsimanga. Pasipo mtu huyo, ataacha mwezi wa pili, na wote watasema ni mvivu.

Biashara ndogo

Pesa ya kwanza: siku ya kwanza au ya pili. Lakini pesa ya kwanza si faida, na watu huanguka hapo.

Karatasi: karibu hakuna kwa meza ya mbele ya nyumba. Sokoni kuna ushuru wa kila siku na mwenye nafasi wa kuelewana naye.

Mtaji: unatakiwa, na lazima utenganishwe na pesa ya kula. Kikundi kinachotaka kusaidia kwa dolari 150 kisimpe zote mkononi. Wiki hiyo hiyo kutakuwa na msiba, deni la shemeji na viatu vya mtoto, vyote halali. Weka kando chakula cha siku 30 kwanza. Kinachobaki nunua bidhaa, si noti, kwa awamu tatu, na awamu ya pili itoke baada ya kuona daftari la ya kwanza.

Tuchukue makala, kwa kuwa kila mtu huanza nayo. Tuseme gunia limenunuliwa franka 45,000, na usafiri 4,000. Unalipanga mafungu 50 ya franka 1,200, yaani 60,000. Kwenye karatasi, ukisahau usafiri, umepata 15,000. Sasa mwaga gunia lote chini: chini kabisa kuna vipande na vumbi lisilouzika, linakula mafungu 5. Zimebaki 54,000. Toa 49,000, mkononi una 5,000, na kama gunia limechukua siku tatu, ni chini ya 1,700 kwa siku. Bei zibadilishe kwa za mtaa wako, lakini fanya hesabu kwa mtindo huo. Kwa hiyo makala peke yake haimlishi mtu. Inaleta wateja mlangoni, na faida hutoka kwenye vitu vilivyo kando yake: bunga (unga) kwa kipimo, chumvi, sabuni, mafuta kwa vikombe. Na gunia lisikae chini wakati wa mvua. Makala yaliyolowa hayashiki moto, mteja hurudi kugomba.

Mdhamini: wa kati, na ni likelemba. Mgeni hupangwa wa mwisho kupokea. Wengine huona ni dharau. Kwa kweli ni nafasi nzuri kwake: anayepokea mwisho hana deni kwa mtu, na mzunguko mzima unamtazama akitoa kila siku. Mzunguko wa pili atapanda juu bila kuomba.

Inapovunjikia: mikopo kwa majirani. Aliyetoka gerezani anaona aibu kukataa, kwa sababu anatafuta kupendwa tena. Meza inaisha kwa ukarimu. Mtu mwingine wa nyumbani, hasa mama mzee, awe ndiye wa kusema hapana.

Inamfaa nani: mwanamke aliyerudi kwa watoto wadogo, mtu mwenye umri, na aliyefungwa kwa jambo lisilohusu pesa za watu. Kwa aliyefungwa kwa utapeli si kwamba haiwezekani, ila majirani hawatampa malipo ya kabla, na hesabu ya mwanzo izingatie hilo.

Bustani na shamba

Hapa jibu hutegemea ametoka mwezi gani, na ajabu ni kwamba watu wachache huuliza.

Pesa ya kwanza: lengalenga (mchicha) hukatwa baada ya wiki 3 hadi 4. Mahindi yanayopandwa kuanzia katikati ya Novemba, mvua zikishatulia, huliwa mabichi baada ya miezi mitatu hivi na kuvunwa makavu kuanzia Aprili. Aliyetoka Mei au Juni hana mahindi ya kusubiri. Ana bustani ya kumwagilia kwenye bonde. Aliyetoka Oktoba ana nafasi ya kulima kabla ya mvua.

Karatasi: hakuna zinazoulizwa kwake, ila yeye anahitaji moja: makubaliano ya kukodi shamba, yenye mipaka, bei na tarehe ya mwisho, mbele ya shefu. Bila hiyo, mwenye shamba hukumbuka kwamba ni lake siku mahindi yanapokomaa.

Mtaji: robo hektari, yaani mita 50 kwa 50, inataka kilo 5 hadi 6 za mbegu ya mahindi, mistari ikiachana sentimita 75 na mashimo sentimita 25, mbegu moja kwa shimo. Mbolea ndiyo gharama kubwa. Kwa bustani gharama kubwa ni mgongo. Tuta la mita 1 kwa 10 linakunywa karibu lita 50 kwa siku katika joto la Septemba na Oktoba. Matuta kumi ni lita 500, yaani zaidi ya makopo 40 ya lita 12, kila siku. Maji yakiwa mbali zaidi ya hatua 50, punguza matuta kabla ya kupanda.

Mdhamini: mdogo. Mboga hazina mwenyewe mwingine. Akikosea, amekosea kwake.

Inapovunjikia: upweke na wezi. Mtu peke yake shambani wiki nzima, bila simu yenye chaji, hurudi mjini. Kuhusu ardhi, asikubali shamba la bei rahisi upande wa Penga Penga au chini ya moshi wa zamani wa bomba kubwa la kiwanda cha Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Upepo wa hapa hutoka sana kusini-mashariki, na udongo wa kaskazini-magharibi ya kiwanda ulipokea vumbi la metali tangu mwaka 1911. Mboga za majani zitaota vibaya, na zikiota hazifai kuliwa.

Inamfaa nani: asiyetaka kuonwa na mtaa kwa muda, mwenye ugomvi na familia ya aliyemkosea inayoishi karibu, na anayejua jembe tangu utotoni. Kijana aliyezaliwa mjini, Kamalondo, ambaye hajawahi kushika jembe, msimtume huko kama adhabu.

Pikipiki ya manseba

Pesa ya kwanza: siku ya kwanza. Kisha kila jioni mwenye pikipiki anataka versement yake (malipo ya siku mliyopatana), umepata abiria au hukupata.

Karatasi: nyingi. Leseni, karatasi za chombo, bima, kitambulisho. Kila kizuizi cha polisi ni mtihani, na kwa aliye chini ya masharti kila mtihani una uzito mara mbili.

Mtaji: wa kwake ni mdogo, helmeti na mafuta ya siku ya kwanza. Wa mwingine ndio mkubwa.

Mdhamini: mkubwa kuliko wote. Mtu amempa chombo chenye magurudumu. Kikiibwa usiku Katuba, hata kama kimeibwa kweli, nani ataamini? Mwenye chombo ataanza polisi, mdhamini ataanza kuuza mabati.

Inapovunjikia: ajali ya kwanza, kubeba abiria asiyejulikana usiku, na oili isiyobadilishwa kwa sababu versement imemaliza pesa. Mkataba useme nani analipa matengenezo, siku ngapi za mapumziko, na itakuwaje chombo kikilala garaji. Mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake ni bora kuliko versement ya milele, mradi kila malipo yaandikwe.

Inamfaa nani: aliyekuwa na leseni na kazi hiyo kabla, baada ya miezi mitatu au minne ya njia nyingine. Ni kazi halali na inalisha maelfu ya watu mjini. Ubaya wake ni kuwa ya kwanza.

Na machimbo? Wengi watamwita Likasi au Kolwezi, miji ya migodi. Kisheria mchimbaji lazima awe na kadi, na tangu marekebisho ya mwaka 2018 awe ndani ya ushirika uliokubaliwa, kwenye eneo lililotengwa. Kuingia usiku kwenye eneo la kampuni ni njia fupi ya kurudi Kasapa. Mwenye kadi na ushirika wa kweli, hilo ni jambo la kulinganisha. Asiye navyo, hapana.

Kwa hali yako

Ana watoto na hakuna akiba: kibarua siku tano, kijitabu mfukoni, na mke au dada aanze meza ndogo kwa jina lake. Asiache kibarua mpaka meza ijilipe miezi miwili mfululizo.

Ni kijana, mama yake ana kazi: ufundi, na ukurasa ule mmoja wenye sahihi. Jumamosi afanye kibarua ili asiombe hata pesa ya sabuni.

Ni mgonjwa au amedhoofika: biashara ya kukaa, isiyo ya makala, au matuta matatu ya mboga nyuma ya nyumba, mpaka dozi iishe.

Ametoka kwa uhuru wa muda, kesi inaendelea: njia yoyote isiyomtoa mjini na isiyomgombanisha na mwajiri siku ya kuitwa mahakamani. Kibarua kinakubali kukosa siku moja, patroni akiambiwa mapema anakubali, mwenye pikipiki atadai versement ya siku hiyo pia.

Mtaa haumtaki kwa sababu aliyemkosea anaishi nyumba ya pili: shamba kwanza, na wakati yuko huko, wazee wa pande zote mbili wakae na shefu wa avenyu. Asitumwe yeye kuomba msamaha peke yake mlangoni kwa watu. Aende baada ya wao kukubali kumpokea, akiwa na mtu mzima wa ukoo wake, na kama kuna fidia, aende na sehemu yake ya kwanza mkononi, iliyoandikwa kwenye karatasi yenye sahihi mbili.

Hana familia kabisa: kibarua, kikundi cha kanisa au chama kimoja tu kama mdhamini, na chumba cha kushiriki na mtu mwenye kazi. Wenye nyumba huomba garanti (amana ya kodi) ya miezi kadhaa. Kikundi kilipe garanti hiyo moja kwa moja kwa mwenye nyumba, stakabadhi iandikwe kwa jina la kikundi, na siku akihama irudi kwa ajili ya mwingine atakayetoka.